Nafsi na Wakati katika Kitenzi "Kutubu": Je, Toba ni Uamuzi wa Mtu au ni Kipawa cha Mungu?

1.0 Utangulizi

Katika mahubiri ya Kikristo ya Afrika ya Mashariki kuna swali moja lisilozeeka: je, mwenye dhambi hutubu kwa sababu ameamua, au hutubu kwa sababu Mungu amempa kutubu? Swali lenyewe ni kongwe. Agostino na Pelagio walikabiliana juu yake mwanzoni mwa karne ya 5. Erasmus na Luther wakalirudia mwaka 1524 na 1525. Waprotestanti wa Uholanzi wakagawanyika kwa ajili yake hadi ikabidi iitishwe Sinodi ya Dordrecht ya 1618–1619. Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu, si mwanateolojia, na hakusudii kuwasuluhisha hao. Tunachokitaka hapa ni kidogo zaidi: kuangalia jinsi wasemaji wa Kiswahili wanavyolisema tendo la kutubu, na kudai kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu imezaliwa na nomino. Wanaobishana husema "toba". Wanaotubu husema "nimetubu", "tubu", "nijalie nitubu". Nomino haina nafsi wala wakati. Kitenzi kinavyo vyote viwili, na humo, kwa maoni yetu, ndimo lilimo jibu.

Mfano wetu tumeutoa magharibi kabisa mwa Tanzania, katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, ambako iko kata ya Ntobeye. Kuna sababu mbili. Kwanza, Mkristo wa Ntobeye ana msamiati wa toba ulio wa tabaka mbili, ule wa lugha ya nyumbani na ule wa Kiswahili cha kanisani, na tabaka hizo hazisemi jambo moja. Pili, wilaya hiyo imepakana na Rwanda na Burundi, na tangu mwaka 1994 swali la toba halikuwa tena swali la darasa la katekisimu.

2.0 Maneno ya Nyumbani na Maneno ya Kanisani

Wilaya ya Ngara ni nchi ya Wahangaza na Washubi. Katika uainishaji wa Guthrie, Kishubi (D64) na Kihangaza (D65) vimo katika kundi moja na Kinyarwanda (D61), Kirundi (D62) na Kiha (D66), na msemaji wa Kihangaza humwelewa Mrundi bila taabu kubwa. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno la kutubu lililoenea makanisani ni "kwihana". Umbo lake liko wazi: ni kitenzi "guhana", yaani kuadhibu au kuonya, kilichotiwa kiambishi cha kujirejea -i-, ambacho katika Kiswahili ni -ji-. Anayetubu, basi, hujiadhibu, hujionya mwenyewe. Ukivuka kwenda Buganda utakuta muundo uleule: "okwenenya" ni "okunenya", kulaumu, kulikoelekezwa kwa mtendaji mwenyewe. Katika lugha hizi mtenda na mtendwa ni mtu mmoja, wala hakuna nafasi ya kisarufi ya mtu wa tatu. Mungu hayumo ndani ya neno.

Kiswahili kina kitenzi kilichokaribia sana hapo, ingawa makanisa hayakukichagua. Mzazi "humrudi" mtoto wake, yaani humwadhibu na kumwongoza; na mtu aliyezinduka akaacha mwenendo mbaya tunasema "amejirudi". Tazama jinsi "kumrudi" na "kujirudi" vinavyolingana na "guhana" na "kwihana". Ni vigumu kuelewa kwa nini neno zuri kama hili liliachwa lizungumzie watoto watundu na walevi tu. Hata hivyo neno lililoshika kiti ni "tubu", ambalo Wakristo walilikuta tayari katika kinywa cha Waswahili Waislamu.

Katika Kiarabu kitenzi "taba", asili ya neno letu, kina maana ya kurudi, na kina njia mbili. Kikifuatwa na kihusishi "ila", mja humrudia Mungu. Kikifuatwa na "ala", Mungu humrudia mja kwa rehema. Ni kitenzi kimoja kwa pande zote mbili, na ndiyo sababu Mungu mwenyewe katika Uislamu huitwa At-Tawwab. Kiswahili kiliukopa mzizi bila vihusishi vyake. Kwa hiyo, kwetu, Mungu hatubu: kitenzi kimebaki na mtendaji wa upande mmoja, mwanadamu. Ilibidi upande wa Mungu upate kitenzi kingine, nacho ni "jalia".

Kitenzi hiki kinastahili kutazamwa kwa makini kuliko kilivyotazamwa hadi sasa. "Jalia" katika matumizi ya kila siku hakina mtendaji mwingine isipokuwa Mungu. Tunasema "Mungu akinijalia nitafika", na hata pale asipotajwa, kama katika "tukijaliwa" au "majaliwa", msikilizaji hana shaka ni nani. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952, walipofika katika Matendo ya Mitume 11:18, mahali ambapo kanisa la Yerusalemu linakubali kwamba watu wa mataifa nao wamepewa toba, walikitumia kitenzi hicho. Biblia Habari Njema, iliyotolewa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, inasema badala yake kwamba walichopewa ni "nafasi" ya kutubu. Neno moja limeongezwa na fundisho limehama. Aliyejaliwa toba ana toba. Aliyepewa nafasi bado hajafanya lolote, na huenda asifanye. Wahubiri wawili wa kata moja, kila mmoja na kitabu chake mkononi, wanaweza kubishana usiku kucha pasipo kujua kwamba mbishi wa kweli ni mfasiri.

Hapa hapana budi kutoa tahadhari. Mwaka 1961 James Barr alionyesha jinsi wanateolojia walivyozoea kukamua mafundisho kutoka katika mizizi ya maneno, kana kwamba kila msemaji hubeba kichwani historia ya neno alitamkalo. Onyo hilo tunalikubali. Mhangaza anayesema neno la nyumbani kwake hafikirii adhabu, kama vile sisi tusivyofikiria Kiarabu tunaposema "tubu". Ndiyo maana hatutaki kujenga hoja yetu juu ya mizizi. Tunataka kuijenga juu ya miundo ambayo wasemaji hai huichagua na ile ambayo huikataa.

3.0 Kauli ya Kutendeka katika Ushuhuda wa Walokole

Uamsho wa Afrika ya Mashariki ulichipuka katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Baadhi ya watu wake wa mwanzo, kama Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi, walikuwa Waganda, na jina la kundi, Balokole, ni la Kiganda, "waliookoka". Kabla ya miaka hiyo ya 1930 kwisha uamsho ulikuwa umefika upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, na baadaye ukaenea katika Waanglikana na Walutheri pia. Walokole ndio waliotuachia Kiswahili cha toba kinachosikika Ngara hadi leo, tena katika makanisa ambayo hayakuwapenda.

Kiswahili hicho kina vitenzi viwili vinavyotawala: "kuokoka" na "kuvunjika". Vyote viwili viko katika kauli ya kutendeka. Kila mwanafunzi wa sarufi anajua tofauti ya "mlango umefunguliwa na Juma" na "mlango umefunguka". Katika sentensi ya kwanza mtenda anatajika. Katika ya pili hatajiki, na ukijaribu kumtaja, "mlango umefunguka na Juma", sentensi inaharibika. Ndivyo ilivyo kwa "nimeokoka". Husemi "nimeokoka na Mungu". Ukitaka kumtaja Mungu hubidi uhame kauli, useme "nimeokolewa". Walokole walikuwa na uhuru wa kuchagua "nimeokolewa", ambalo ni neno sahihi kabisa na linalompa Mungu haki yake yote. Walikuwa na uhuru vilevile wa kusema "nimeamua". Wakachagua umbo lisilomtaja yeyote.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni sadfa ya lugha tu. Hatukubaliani nao, kwa sababu wasemaji haohao wamefanya jambo la pili ambalo sarufi ya kawaida hailipendi: wamekitia kitenzi hicho katika hali ya kuamuru. Vitenzi vya kutendeka kwa kawaida hukwepa amri. Hakuna aliiambiaye glasi "vunjika!" au mlango "funguka!", isipokuwa katika hadithi za majini. Lakini mhubiri husimama sokoni akasema "Okoka leo!", na hakuna msikilizaji anayeshangaa. Anaamriwa kufanya jambo ambalo sarufi inasema halifanywi bali humtokea mtu. Kwa mwanamantiki hili ni kosa. Kwa Mlokole ni Injili nzima katika maneno mawili.

Kiebrania cha Agano la Kale kilikuwa kimekwisha kupita njia hiyo. Katika Yeremia 31:18 msemaji anamwomba Mungu amrudishe, ndipo arudi: mzizi mmoja umetumika mara mbili mfululizo, kwanza katika kauli ya kutendesha, kisha katika kauli ya kutenda. Wala mwandishi hakuona haja ya kueleza jinsi mawili hayo yanavyopatana.

4.0 Nani Anamwambia Nani, na Lini?

Sasa tufikie hoja yenyewe. Tukizikusanya kauli za Maandiko na za waumini kuhusu toba, na badala ya kuzipanga kwa mafundisho tukazipanga kwa nafsi na wakati, tunaona mpangilio ambao haukutegemewa. Kauli zinazoifanya toba kuwa tendo la mtu aghalabu ni za nafsi ya pili, katika hali ya kuamuru: Yesu anapoanza kuhubiri Galilaya, katika Marko 1:15, Petro mbele ya umati wa Yerusalemu, katika Matendo 2:38 na 3:19. Mwenye kuambiwa bado hajatubu. Kauli zinazoifanya toba kuwa kipawa aghalabu huja baada ya tendo, katika wakati uliopita, kwa njia ya shukrani. Hata mshuhudiaji wa kawaida wa Ngara hufuata utaratibu huo bila kufundishwa: huanza kwa kueleza alivyokataa, alivyokimbia, alivyoitwa mara tatu, kisha alivyotubu, lakini akifika mwisho wa habari yake husema ni neema.

Mfano ulio mgumu zaidi, na kwa hiyo ulio bora, ni 2 Timotheo 2:25. Hapo toba ni kipawa, lakini wakati ni ujao: huenda Mungu akawapa wapinzani kutubu. Je, mpangilio wetu umevunjika? Tuangalie ni nani anayeambiwa. Maneno hayo hawaambiwi wapinzani. Anaambiwa Timotheo, mwalimu wao, naye anaambiwa ili awaonye kwa upole. Kipawa kilicho mbele ni sababu ya uvumilivu wa anayengoja. Hakikutolewa kwa anayengojewa ili aketi na kusema, "Nitatubu nitakapojaliwa."

Kwa mtazamo wetu, basi, mtu akiuliza kwa ujumla kama toba ni ya mwanadamu au ya Mungu ameuliza swali lililovuliwa kila kitu kilicholifanya liwe na maana. Ni kama kuuliza kama neno "kesho" ni Jumanne. Inategemea nani anasema, na lini. Hatusemi kwamba pande mbili zina haki sawa. Ushuhuda wa waliotubu unaelemea kwenye kipawa, na tunaona vigumu kuwakadhibisha watu juu ya jambo lililowapata wenyewe. Lakini ushuhuda huo hauwezi kuondoa amri, kwa maana wengi wao walianza kwa kuisikia amri.

Historia inatuunga mkono mahali pamoja. Kilichomchukiza Pelagio, kwa jinsi Agostino mwenyewe alivyosimulia baadaye, kilikuwa sentensi ya Maungamo ambamo Agostino anamwomba Mungu ampe kile anachokiamuru. Pelagio aliona kwamba mtu akifundishwa hivyo hatajitahidi tena. Lakini sentensi ile ilikuwa sala. Ilisemwa na nafsi ya kwanza kwa nafsi ya pili, na nafsi ya pili hiyo ni Mungu. Pelagio aliisikia kama taarifa ya nafsi ya tatu juu ya uwezo wa binadamu. Mgogoro uliodumu karne nyingi ulianza, kwa sehemu, pale ombi lilipogeuzwa kuwa fasili. Luther naye, mwaka 1517, alianza na jambo la lugha: katika hoja yake ya kwanza kati ya zile 95 alidai kwamba amri ya Kristo ya kutubu yahusu maisha yote ya mwamini, na katika ya pili akakana kwamba neno hilo laweza kueleweka kuwa ni sakramenti ya kitubio.

5.0 Ngara tangu 1994

Hayo yote yangekuwa mazoezi ya darasani kama si yaliyotokea. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa kwa ghafla miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya watu nchini. Waliokuwamo wengi walikuwa watu waliokimbia vita. Wengine walikuwa wameshiriki mauaji ya kimbari. Wote walisali. Wakaazi wa Ngara, ambao walielewa karibu kila neno lililosemwa kambini, waliishi nao hadi Desemba 1996, waliporudishwa kwao.

Tangu hapo kutubu kukawa pia neno la sheria. Sheria ya Rwanda ya Agosti 1996 iliweka utaratibu wa kukiri makosa na kupunguziwa adhabu. Sheria ya mahakama za gacaca ya 2001 ikauendeleza, na mahakama hizo, hadi zilipofungwa Juni 2012, zilikuwa zimeshughulikia kesi zipatazo milioni 2. Mshtakiwa aliyetaka nafuu alipaswa "kwirega, kwicuza no gusaba imbabazi": kujishtaki, kutubu na kuomba msamaha. Neno la kwanza ni lile umbo letu la kujirejea, "kurega" kilichotiwa -i-. Dola iliichukua toba upande wake wa uamuzi peke yake, na haikuwa na njia nyingine: hakimu hawezi kupima kipawa. Lakini toba yenye bei iliyotangazwa huwa vigumu kuitofautisha na hesabu, na manusura wengi walilisema hilo.

Huku kwetu, Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilikutana na tatizo hilohilo kutoka upande wa pili. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya muda, alikiri makosa yote aliyoshtakiwa. Tarehe 4 Septemba 1998 alihukumiwa kifungo cha maisha, na majaji walisema wazi kwamba, pamoja na kukiri, hakuwa ameonyesha majuto wala huruma kwa waliodhulumiwa. Mwaka 2000 mtangazaji wa redio Georges Ruggiu alikiri pia, akaeleza majuto yake, akapewa miaka 12. Hatutaki kusema majaji waliona ndani ya mioyo. Tunataka kusema kwamba walikuwa wanaisimu wazuri: waliona kwamba "kukiri" na "kutubu" ni vitenzi viwili, na kwamba cha kwanza chaweza kutimia pasipo cha pili.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko mahakamani. Iko pale fundisho la kipawa linapochukuliwa na mtu asiyestahili kulisema, likaelekezwa kwa mtu asiyestahili kuambiwa. Tuchukulie kwamba mtu amewaua watoto wa jirani yake, kisha anasimama kanisani na kusema, "Mungu amenijalia toba." Inawezekana kabisa kwamba ni kweli. Ni ushuhuda wa nafsi ya kwanza na wakati uliopita, na kwa kipimo chetu umekaa mahali pake, mradi pamoja nao aseme alichokifanya na mahali walipozikwa. Kisha mchungaji anamgeukia mama wa watoto wale: "Mungu amemjalia huyu toba, wewe ni nani usimpokee?" Maneno ni yaleyale. Nafsi imebadilika, na kile kilichokuwa shukrani kimekuwa amri iliyovaa joho la shukrani. Kipawa alichopewa muuaji kimegeuzwa deni la mfiwa. Tunakataa matumizi hayo, na hatukatai kwa sababu za huruma tu. Hayana kielelezo katika Maandiko wala katika ushuhuda wa Walokole wenyewe. Festo Kivengere, Mlokole na askofu wa Kigezi, alitoa mwaka 1977, baada ya kuuawa kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, kitabu ambacho jina lake lilitangaza kuwa anampenda Idi Amin. Jina hilo lina nafsi ya kwanza. Halimwagizi mjane yeyote wa Uganda ampende Amin.

Atauliza msomaji: je, Matendo 11:18 siyo kauli ya nafsi ya tatu, iliyosemwa juu ya toba ya watu wengine? Ndiyo, na inafaa tuitazame hadi mwisho. Aliyejaliwa toba ni Kornelio pamoja na nyumba yake, naye Kornelio alikuwa akida wa jeshi la dola iliyoitawala nchi yao. Kornelio hakwenda Yerusalemu kudai kwamba amepewa. Petro naye, aliposhtakiwa na ndugu kwa kula na watu wale, hakuwaamuru wakubali. Aliwasimulia habari kwa taratibu yake, tangu mwanzo, akaishia kwa kuuliza yeye alikuwa nani hata aweze kumzuia Mungu. Swali lile "wewe ni nani" ambalo mchungaji wetu alimtupia mama wa watu, Petro alijiuliza mwenyewe. Nao waliposikia walinyamaza. Maandiko hayasemi walinyamaza kwa muda gani. Kisha wale waliokuwa wamelalamika, na si mtu mwingine kwa niaba yao, wakasema kwamba Mungu ndiye aliyetoa.